Sima ya Soya na Tangi Kubwa la Garsen

Nilistaafu siku ya Ijumaa. Jumatatu yake asubuhi nikaamka, nikavaa buti, nikaanza kutafuta kofia, na mke wangu akaniuliza naenda wapi. Nikarudi kukaa kitandani na buti zangu miguuni, kama mtu aliyeachwa na basi akabaki na tiketi. Hapo nikaona heri niandike. Mikono iliyozoea vali haijui kukaa bure, na tena ninyi mnaobaki pale karakana mnadhani lile tangi kubwa lilizaliwa pamoja na kompyuta yake ya ukutani. Halikuzaliwa nayo. Kabla ya kompyuta kulikuwa na mimi, Guyo, Bi Zuhura, na shemeji yangu Mama Tabitha, na nusura lisiwepo kabisa.

Shule yangu iliishia darasa la nne pale Ngao. Mwaka ule mto ulipita katikati ya shamba letu ukaondoka na mahindi, na mzee akasema mikono yangu inahitajika zaidi kuliko kichwa. Kwa hiyo mkiona sentensi inakwenda upande, ifuateni tu, itafika. Nilifanya kazi ya pampu kwenye mashamba ya mpunga miaka mingi, kazi ya kusikiliza mashine usiku na mchana na kufukuza viboko kwa kupiga debe. Kiboko hajali debe, lakini mwenye debe anapata moyo.

Karakana ilipofunguliwa Garsen walitafuta mtu anayejua mabomba. Nikaenda. Sikujua wanatengeneza nini. Siku ya kwanza nikaonyeshwa tangi la chuma linalong'aa, kimo cha mtoto wa miaka kumi, nikadhani ni la maziwa. Mwanamke kijana mwenye miwani, mtulivu, anayesema Kiswahili cha Kipini kile cha kupumzika katikati ya maneno, akaniambia ndani yake wanafuga vijidudu. Nikamwuliza vijidudu vya nini, navyo viko vingi bure. Akasema hivi ni vya kuua viluwiluwi wa mbu. Unavilisha kwenye tangi mpaka vijae, unachota, unamwaga kwenye madimbwi mafuriko yakishapungua. Kiluwiluwi akila anakufa. Ng'ombe akinywa maji yale hana habari, na samaki pia. Huyo ndiye Bi Zuhura. Mtu yeyote aliyekaa Tana baada ya mafuriko, akala chakula cha jioni huku mkono mmoja unapiga mbu, ataelewa kwa nini niliacha kucheka.

Sasa shida ya kufuga vijidudu ni chakula chao. Wanakula molasi na unga wa soya, na chakula hicho kila kijidudu duniani anakipenda. Ukimweka wako mle ndani bila kuwaondoa wengine kwanza, hao wengine wanakula, wanazaana, na wako anabaki kama mgeni aliyekuja harusini amechelewa. Kwa hiyo kabla ya kutia mbegu, yaani vijidudu vyetu wenyewe, chakula chote kinapikwa kwa mvuke mpaka kila kilicho hai kife. Sisi tuliita kazi hiyo kutakasa. Tangi likiharibika tulisema limeingiliwa, na neno hilo lilikuwa linasemwa polepole, kama habari ya msiba.

Aliyenifundisha mvuke ni Guyo, mtu wa boila, Muorma aliyeacha ng'ombe kwa ndugu zake akasema yeye anapenda kitu kinachokaa mahali pamoja. Boila ilikuwa inakula kuni za mathenge. Mti huo tuliuchukia kwa miiba yake, umetoboa matairi na nyayo za kila mtu, lakini Guyo alikuwa akiutia motoni kwa furaha ya mtu anayelipa kisasi, na kwa kweli hakuna kuni zenye moto kama zile. Somo lake la kwanza ni hili, na nawaachia nanyi: kabla ya kuamini geji ya nguvu ya mvuke, toa hewa tangini. Fungua vali ya juu, acha mvuke ufukuze hewa mpaka utoke mweupe na mkavu, usitapike mate. Hewa iliyobaki ndani inasukuma sindano ya geji kama mvuke, lakini joto haina. Guyo alisema hewa ni kama mtu anayepiga kelele sokoni na mfukoni hana kitu.

Somo la pili lilitoka kwa Bi Zuhura, nalo ndilo lililonifanya nijione mtu. Nilimwuliza tunapika muda gani, nikitaka jibu kama la mayai. Akasema haulizwi muda tu, unaulizwa muda na joto, na yanahesabiwa pamoja. Dakika moja katika joto la digrii mia moja na ishirini na moja ni dakika kamili. Ukishuka digrii kumi, dakika ileile ina nguvu ya sehemu moja ya kumi tu. Ukishuka kumi nyingine, sehemu moja ya mia. Lakini zote zinahesabiwa, za kupanda, za kukaa juu na za kushuka. Nilimtazama kama ninavyomtazama mtu anayeongea Kichina.

Ni Guyo aliyetukomboa. Alikuwa ameegemea mlango wa boila anasikiliza. Akasema kumbe ni ng'ombe, mbuzi na kuku. Dakika ya juu ni ng'ombe, ya chini yake ni mbuzi, ya chini zaidi ni kuku. Mbuzi kumi wanatoa ng'ombe mmoja, kuku kumi wanatoa mbuzi. Kisha akajisikia mwenyewe alivyosema, akakasirika.

"Lakini hakuna ng'ombe wa mbuzi kumi," akasema. "Huyo ng'ombe ni mgonjwa, au mwizi ndiye anayeuza."

"Soko hili ni langu, Guyo," Bi Zuhura akamwambia. "Bei napanga mimi."

Tangu siku hiyo tulihesabu hivyo. Nasimama na saa, nasoma kipimajoto kila dakika, naita: kuku, kuku, mbuzi, mbuzi, ng'ombe. Wageni walidhani tunafuga. Bi Zuhura anajumlisha, na ng'ombe wakifika idadi aliyoitaka, anainua mkono, Guyo anafunga mvuke, mimi nafungua maji ya kupoza. Tukizidisha, sukari inaungua na vijidudu vyetu vinakula masizi. Tukipunguza, tangi linaingiliwa. Kupika kwingi si kupika kwema, hata mke wangu alikubali hilo ingawa aliniambia nisilete mambo ya kazi kwenye samaki wake.

Na idadi ya ng'ombe ilitoka wapi? Hili nalo lilinichukua muda. Kila ng'ombe wawili wakipita, alisema Bi Zuhura, katika kila adui kumi mle tangini anabaki mmoja. Wengine wawili wakipita, katika kumi waliobaki anabaki mmoja tena. Nikasema basi mwisho wanakwisha. Akasema hawaishi, wanapungua tu, unafika mahali ambapo umebaki na sehemu ndogo ya adui mmoja. Guyo akataka kujua sehemu gani, kwato au mkia. Maana yake, akasema Bi Zuhura, ukipika mara elfu moja, mara moja utashindwa. Hiyo ndiyo bei anayokubali. Nilipenda ukweli wake. Watu wengi wa elimu wangeniambia kila kitu kinakufa.

Tuliishi hivyo na tangi dogo kwa amani. Dawa yetu ilitosha vijiji vya karibu. Ndipo Bosi, mwenye karakana, akaleta tangi kubwa, mara kumi ya lile dogo, kwa sababu Ozi na vijiji vya chini walikuwa wanaomba. Mtu mzuri Bosi, ila alikuwa na haraka ya mtu aliyekopa. Akatangaza kwamba tangi mara kumi linapikwa dakika mara kumi. Bi Zuhura akasema hapana. Adui ni mara kumi, ndiyo, lakini ng'ombe wawili zaidi wanawarudisha palepale walipokuwa. Ng'ombe wawili tu. Na kwa kuwa tangi kubwa linapanda joto polepole, njiani tutakusanya mbuzi na kuku wengi kuliko zamani, basi huenda kule juu tukakaa muda uleule. Bosi akacheka. Kicheko kile nilikiona kimekaa mahali fulani kinasubiri.

Kazi ya kuchanganya chakula, ambayo zamani Bi Zuhura aliifanya mwenyewe kwenye ndoo, sasa ilihitaji pipa na mtu mwenye mikono. Nikamtaja Mama Tabitha. Aliolewa na kaka yangu, Mungu amrehemu, na miaka mingi alikuwa mpishi wa shule. Sufuria ambayo wanaume wawili wanaibeba, yeye anasonga sima mle ndani peke yake, na sima yake ilikuwa laini kama shavu. Watu wa Ngao wakitaka kusifu kitu kwamba kimekamilika walisema ni sima ya Mama Tabitha. Akaambiwa unga huu, molasi hii, maji haya, apike mchanganyiko, kisha umiminwe tangini. Akafunga leso, akaanza.

Pishi la kwanza likaingiliwa. Tulifungua tukakutana na harufu ya miguu iliyolowa. La pili pia. Bi Zuhura alihesabu upya, nikamsomea dakika upya, hewa tulitoa, vali tulibadilisha mipira, mbegu yake aliipima ikawa safi. Na nje, mto ulikuwa umeanza kurudi katika mkondo wake ukiacha madimbwi kila mahali. Watu wa Ozi walikuwa wameanza kupiga simu.

Bosi akaja. Kile kicheko kikapata siku yake. Akasema tangu mwanzo alijua hesabu ya ng'ombe wawili ni ya mzaha, sasa tupike maradufu. Bi Zuhura akamweleza sukari itaungua. Akasema iungue. Tukapika maradufu, nami nikiita ng'ombe mpaka sauti ikakauka. Uji ule ulitoka mweusi kama kahawa ya matanga, vijidudu vyetu vikadumaa, na siku ya tatu harufu ileile ya miguu ikatoka. Yaani tuliunguza na bado tukaingiliwa.

Bosi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema kuna watu kule bara wanalitaka tangi, na kwamba atatuma lori. Tupike mara moja ya mwisho kama tunataka, kwa kuwa unga umeshanunuliwa, lakini lori litakuja. Kwa Bi Zuhura aliongeza kwamba labda tangi dogo ndilo kimo chake. Alilisema taratibu, mbele yetu sote. Nilimwona Guyo anaokota gogo la mathenge na kuliweka chini tena.

Bi Zuhura alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa muda mrefu. Nilikwenda kumwambia neno la kumpoza. Hakulitaka.

"Mzee Jilo, nisikilize," akasema. "Kama ningekosea kidogo, kupika maradufu kungewamaliza. Hawakupungua hata kidogo. Basi hao hawakupikwa vibaya. Hao hawakupikwa kabisa."

Nikamwuliza vipi kitu kikae katika tangi linalochemka kisipikwe. Akasema hilo ndilo anatafuta: mahali ambapo mvuke hauingii. Tukaingiza mikono kwenye lile tope jeusi lililobaki chini ya tangi, tukachuja kwa vidole. Tukatoa madonge. Madogo, mengine kama kokwa la kunazi, mengine kama yai la kanga, meusi kwa nje. Akapasua moja kwa kucha. Ndani ulikuwa unga. Mweupe, mkavu, kama ulivyotoka gunia. Soya ikikutana na maji ya moto inajifunga ngozi kwa nje, na maji hayapiti tena. Ndani ya ngozi ile vijidudu vimekaa kama watu waliofunga milango wakati wa mvua. Joto kavu lile haliwafanyi kitu, wao wanauawa na joto la maji. Ng'ombe wetu wote walipita nje ya mlango.

Tukatazamana. Sote wawili tulikuwa tumefika kwa mtu mmoja, na hakuna aliyetaka kumtaja. Sima inaanza kwa maji yanayochemka, kisha unga. Ndivyo alivyofanya, kwa sababu ndivyo mtu yeyote wa mto anavyopika unga akiambiwa apike.

Bi Zuhura akasema yeye hawezi. Mama Tabitha ni rika la mama yake, na huwezi kumwambia mama wa watu kwamba upishi wake una madonge. Ni tusi ambalo linafika hadi kwa wajukuu. Akanitazama. "Wewe ni shemeji yake," akasema.

Ni kweli, kwetu shemeji ana ruhusa. Shemeji anaweza kukuambia umezeeka, umenenepa, mguu wako unanuka, na ukikasirika umepoteza wewe. Lakini ruhusa ile ina mipaka, na nadhani sima iko nje ya mpaka. Nikaweka madonge matatu kwenye sahani ya bati, nikayafunika na sahani nyingine kama inavyostahili, nikamfuata kivulini alipokuwa anaosha mwiko.

"Shemeji, nimekuletea chakula."

Akafunua. "Hiki si chakula. Hiki umeokota kwenye njia ya mbuzi."

"Kimetoka kwenye sufuria yako. Kipasue."

Akakipasua. Unga ukamwagika kwenye leso yake. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba miaka yote ya shule hakuna mtoto aliyewahi kurudisha sahani yake.

"Watoto walikuwa na njaa, shemeji," nikasema.

Hapo nilidhani mwiko utanifikia. Ulipita karibu. Lakini alikuwa anafikiri, anaviringisha unga ule kati ya vidole, ananusa, anauweka ulimini. Mwishowe akauliza vijidudu vyetu vinakunywa au vinatafuna. Nikasema vinakunywa. Akasimama, akakung'uta leso, akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayaona ni haki kabisa.

"Mlinionyesha unga na moto, mkaniambia pika. Mlitaka uji, mbona hamkusema uji? Sima inaanza na moto. Uji unaanza na maji baridi. Hata bibi harusi wa jana anajua."

Akaenda moja kwa moja kwa Bi Zuhura. Nilijificha nyuma ya boila nikidhani vita vinakuja. Nikasikia wanacheka. Wanawake sijawahi kuwaelewa, ingawa nimeishi nao vizuri.

Pishi la mwisho Mama Tabitha alilichukua kama arusi ya binti yake. Unga uliingia kwenye maji baridi, kidogo kidogo, anaukanda chini ya maji kwa mikono miwili hadi viwiko. Kisha wote ukapitishwa kwenye chekeche ya waya juu ya pipa, na kilichobaki juu akakisaga kwa kiganja mpaka kipite. Guyo akamwambia mvuke uko tayari. Akamwambia mvuke usubiri, mvuke si mume wake. Bi Zuhura naye alitaka kuchungulia, akasukumwa kwa kiwiko, akarudi kwenye ndoo yake akatabasamu. Tulipoanza, niliita kuku wa kwanza. Bi Zuhura alitumia idadi yake ileile, ng'ombe wawili juu ya wale wa tangi dogo, hakuongeza hata mbuzi. Alipoinua mkono, nilifungua maji ya kupoza. Rangi ya uji ilikuwa kahawia ya asali.

Tukatia mbegu, tukasubiri. Sitasema tulilala.

Lori lilifika mchana, jua limesimama, mbegu imeshakomaa tangini. Dereva alikuwa mtu wa mji wa Madogo, mrefu, mwenye haraka, na Bosi alikuwa kando yake. Dereva akataka kujua ni boliti zipi za kufunguliwa kwanza. Bi Zuhura akasema kabla ya boliti kuna beseni. Nilikuwa nimechota maji kwenye dimbwi nyuma ya soko, yamejaa viluwiluwi wanaojikunja na kujikunjua. Akavuta dawa kutoka tangini kwa kijiko, akaitia mle, akakaa chini. Sote tukakaa. Hata dereva akachuchumaa, akasema wallahi hajawahi kuona watu wazima wanatazama mbu wanaogelea.

Mwanzoni hakuna kitu. Waliendelea kucheza. Bosi akatazama saa yake. Guyo akaenda kuongeza kuni ambazo hazikuhitajika. Bi Zuhura alikuwa ameshika magoti, macho kwenye beseni. Kisha mmoja akaacha kujikunja. Akabaki amenyooka, ananing'inia. Wa pili akazama. Dereva ndiye aliyeanza kuwahesabu kwa sauti, na baada ya muda akaacha kuhesabu, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kutafuta aliye hai. Baadaye hata huyo hakupatikana.

Bosi alisimama akakung'uta suruali. Huyu ni mtu ambaye nimemsema vibaya hapo juu, basi nimpe haki yake. Alimwendea Bi Zuhura mbele yetu sote, palepale aliposema yale ya kwanza, akamwambia, "Ng'ombe wawili, binti yangu. Ulisema ng'ombe wawili." Kisha akamgeukia dereva akamwambia aache boliti za watu, ashushe ubao wa nyuma wa lori, tunapakia.

Tulijaza kila jerikeni lililokuwepo Garsen, na mengine tukaazima kwa wauza mafuta ya kupikia tukayasugua. Tangi lilibaki palepale mnapolikuta kila asubuhi. Guyo alibaki kwenye moto wake, Bi Zuhura kwenye hesabu zake. Mama Tabitha alipanda mbele ya lori, kando ya dereva, na hakuna aliyethubutu kumwuliza anaenda wapi. Mimi nilipanda nyuma na majerikeni.

Ozi watu walikuwa wamekusanyika ukingoni mwa mashamba, nusu yao wanajikuna. Mzee mmoja akafungua jerikeni, akanusa, akauliza hii ni dawa ya namna gani, ina rangi ya chakula. Nikafungua kinywa nimweleze habari za vijidudu na joto na adui kumi. Mama Tabitha alikuwa ameshashuka, amepandisha leso hadi magotini, ameingia dimbwini.

"Ni uji, mzee wangu," akamwambia, akaanza kumwaga. "Nimeupika mimi."